SAA MOJA YA FUNDI WA KOMPYUTA INA THAMANI GANI?

Zamani kompyuta ya shule au ya duka ilipokataa kufanya kazi, hapakuwa na njia ila kumpigia fundi simu, kumlipia nauli na kumngoja. Mtu aliyekuwa Gulu alimngoja fundi atoke Kampala, mwendo wa kilomita zipatazo 330, na siku mbili zilipotea kwa ajili ya tatizo ambalo pengine liliondolewa kwa dakika ishirini. Siku hizi fundi huketi nyumbani kwake, akafungua programu maalum, na kwa idhini ya mwenye mashine akaiona kompyuta iliyo mbali kana kwamba imewekwa mezani pake. Hufuta kirusi, hutengeneza barua pepe, huunganisha mashine ya kuchapia, kisha huaga na kufunga.

Ufundi huu una umri wake. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa maabara moja ya utafiti mjini Cambridge, Uingereza, walitengeneza programu iitwayo VNC, ambayo iliwezesha mtu kuiendesha kompyuta iliyo mahali pengine. Mwaka 2005 ilianzishwa nchini Ujerumani kampuni ya TeamViewer, na baada yake zikafuata nyingine. Hapa Uganda faida ya ufundi huo ilionekana wazi tangu Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, shule zilipofungwa na wananchi walipotakiwa kubaki majumbani. Fundi hakuweza kusafiri, lakini kazi za maofisi hazikuweza kungoja.

Kazi hii yawafaa hasa jamaa za askari. Mke wa askari aliyefungua duka au kibanda cha kushonea nguo karibu na kambi hulazimika kukifunga mumewe anapohamishwa. Wateja aliowapata kwa miaka mitatu hubaki nyuma, naye huanza upya ugenini. Fundi wa kompyuta afanyaye kazi kutoka mbali hapatwi na hasara hiyo. Akihama Kampala kwenda Arua, wateja wake huhama pamoja naye bila wao kujua, maadamu umeme upo na intaneti ipo. Kadhalika, askari mstaafu aliyewahi kushughulika na redio na mawasiliano, au kijana wa nyumba za polisi aliyepata cheti cha kompyuta, anaweza kuianza kazi hii bila kupanga chumba cha duka.

Hata hivyo, kazi hii ina mtego, nao ni bei. Muuza nyanya huona nyanya zake zikipungua kikapuni, na kwa hiyo hujua amekwisha kuuza nini. Fundi wa kompyuta huuza saa, na saa haionekani ikipungua. Anaweza kufanya kazi mwaka mzima, akasifiwa na kila mteja, na mwisho wa mwaka akagundua kwamba mshahara wa mumewe ndio uliokuwa ukilipia intaneti ya wateja.

KOSA LA KULINGANISHA NA MSHAHARA

Kosa la kwanza la wengi ni kukadiria bei kwa kuutazama mshahara. Mtu husema moyoni: mwajiriwa fulani hupata kiasi fulani kwa mwezi, naye hufanya kazi saa kadha, basi nikigawanya nitapata bei ya saa moja. Hesabu hii yaonekana kuwa ya haki, lakini ina udanganyifu ndani yake.

Mshahara una sehemu isiyoonekana. Askari hapokei fedha peke yake. Hupewa sare, hupewa nyumba au mahali pa kulala, hutibiwa, huenda likizo, na akimaliza utumishi wake hutarajia malipo ya uzeeni. Siku anapougua mshahara haukatiki. Kompyuta ya ofisini ikiharibika, si yeye anunuaye nyingine. Mambo yote hayo yana gharama, na yupo anayeigharamia.

Fundi anayejitegemea hana mwajiri wa kumgharamia. Sare yake ni kompyuta yake. Likizo yake ni siku asizolipwa. Malipo yake ya uzeeni ni yale aliyojiwekea mwenyewe. Kwa hiyo bei ya saa yake moja hapana budi ibebe mambo yote ambayo mshahara wa mwajiriwa huyabeba kimya kimya. Asiyeelewa jambo hili hujiuza kwa theluthi moja ya thamani yake, huku akidhani amejitendea haki.

SAA ZINAZOUZWA NA SAA ZISIZOUZWA

Kosa la pili ni kudhani kwamba saa zote za kazi zinauzika. Na achukuliwe kwa mfano mama mmoja wa kufikiriwa, mke wa askari polisi, akaaye katika nyumba za polisi mjini Kampala, mwenye cheti cha ufundi wa kompyuta. Wateja wake ni shule, zahanati na maduka ya miji mbalimbali. Je, ana saa ngapi za kuuza kwa mwaka?

Mwaka una majuma 52, na akifanya kazi siku tano kila juma atakuwa na siku 260. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mwajiriwa likizo ya siku 7 kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka. Ni vyema mama huyu ajipe likizo hiyo hiyo, kwa maana hakuna mwingine wa kumpa. Zinabaki siku 239. Sikukuu za taifa, Idi mbili zikiwemo, ni 14. Zikiondolewa zinabaki 225. Ugonjwa wa watoto, misiba, umeme kukatika na intaneti kukosekana huchukua siku nyingine. Wengi wanakumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ambapo intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Akiweka siku 10 kwa mambo hayo, atabakiwa na siku 215. Kwa saa nane kila siku, hizo ni saa 1,720.

Lakini mama huyu hawezi kumdai mteja saa zote nane. Asubuhi hujibu simu za watu wanaouliza bei tu. Baadaye huandika ankara, hufuatilia deni la mwezi uliopita, husoma juu ya kirusi kipya, hurekebisha mashine yake mwenyewe, na hutafuta wateja wengine. Saa hizo ni za kazi kweli, lakini hakuna mteja wa kuzilipa. Akiweza kuuza nusu ya saa zake, yaani saa nne kwa siku, amefanya vizuri. Basi bidhaa yake ya mwaka mzima ni saa 860.

Hesabu hii isimshangaze mtu. Wanasheria wa Marekani, ambao ndio waliozoeza dunia kuuza kazi kwa saa, walikwisha kuyaona hayo. Mmoja wao, Reginald Heber Smith wa mji wa Boston, mwanzoni mwa karne ya 20 aliwafundisha wenzake kuandika muda wa kila kazi, hata kuigawa saa moja katika sehemu kumi za dakika sita sita. Mwaka 1958 chama cha wanasheria wa nchi hiyo kiliwaeleza wanachama wake kwamba mwanasheria asiyefanya kazi ya ziada hupata kama saa 1,300 tu za kulipwa katika mwaka. Ikiwa wao, wenye makarani wa kuwasaidia, walifikia kiasi hicho, saa 860 za mtu mmoja anayejipikia chai si haba.

HESABU YA MAHITAJI

Hatua inayofuata ni kujua kiasi cha fedha kinachohitajika. Tarakimu zilizo hapa chini ni za mfano. Kila mtu aweke zake kwa kadiri ya mji na nyumba yake. Kwa mwezi mmoja mama huyu ameandika hivi:

Matumizi ya nyumba, yaani ujira wake mwenyewe: shilingi 900,000.
Akiba ya uzee na ya ugonjwa: 150,000.
Intaneti: 100,000.
Umeme wa Yaka na betri ya akiba: 60,000.
Simu: 40,000.
Leseni ya programu ya kufikia kompyuta za mbali: 100,000.
Kuchakaa kwa kompyuta: 50,000.
Mafunzo na vitabu: 30,000.
Makato ya pesa za simu na madeni yasiyolipwa: 50,000.
Leseni ya biashara na safari zisizoepukika: 20,000.

Jumla ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi, au 18,000,000 kwa mwaka.

Mistari mingine yahitaji maelezo. Kompyuta iliyonunuliwa kwa shilingi 2,400,000 na kutumika miaka minne huliwa shilingi 50,000 kila mwezi. Asiyezitenga ataishangaa siku itakapokufa, kana kwamba ni msiba uliomjia ghafla. Akiba ya uzee nayo si anasa: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hupokea michango ya hiari ya watu wanaojitegemea, na wanajeshi na polisi wana vyama vyao vya akiba na mikopo. Gharama ya intaneti inakuwa na ushuru wa asilimia 12 ndani yake tangu Julai 2021, na kutoa pesa za simu hukatwa kodi ya asilimia nusu, mbali na ada ya kampuni yenyewe.

Sasa shilingi 18,000,000 zigawanywe kwa saa 860. Jibu ni karibu shilingi 21,000 kwa saa. Hiyo ndiyo bei ya kutopata wala kupoteza. Akiongeza asilimia 15 kwa ajili ya kodi, mwaka mbaya na kuikuza kazi, atafika shilingi 24,000.

Na aone msomaji kinachotokea mama huyu akitumia hesabu ya mshahara. Majuma 52 kwa saa 40 ni saa 2,080. Shilingi 18,000,000 zikigawanywa kwa saa hizo, bei inakuwa karibu shilingi 8,700. Bei hiyo itawapendeza wateja. Lakini kwa saa 860 atakazouza kweli atapata shilingi 7,482,000. Gharama za kazi yenyewe, bila ujira wake na akiba yake, ni 450,000 kwa mwezi, yaani 5,400,000 kwa mwaka. Zitakazobaki ni shilingi 2,082,000, sawa na 173,500 kwa mwezi, badala ya 900,000 alizozitegemea. Hapo karo ya mtoto inakosekana, na hakuna aliyeiba.

Yafaa pia kusema ukweli juu ya mwaka wa kwanza. Mwanzoni wateja ni wachache, na huenda akauza saa mbili tu kwa siku, yaani saa 430. Kwa bei ya 24,000 atapata shilingi 10,320,000, na baada ya gharama za kazi atabakiwa na 410,000 kwa mwezi. Dawa yake si kushusha bei, kwa sababu bei iliyoanzia chini ni vigumu kuipandisha. Dawa ni kupunguza gharama, kutafuta wateja, na nyumba kutoyategemea mapato hayo mpaka yakomae.

KUPIMA MUDA KWA HAKI

Bei ikijulikana, yabaki kujua namna ya kuupima muda. Kazi ya mbali mara nyingi ni fupi. Mtu hupiga simu, tatizo huondolewa kwa dakika nane, na fundi huona haya kudai. Lakini dakika nane hizo zilimkatiza kazi nyingine, zikamlazimu kufungua daftari, kuandika ankara na kungoja malipo. Kwa hiyo ni desturi nzuri kuweka kiwango cha chini, kwa mfano nusu saa, ambayo kwa bei yetu ya mfano ni shilingi 12,000. Baada ya hapo muda uhesabiwe kwa robo saa, kila robo 6,000. Kazi ya dakika 35 itakuwa robo tatu, yaani shilingi 18,000.

Kuna muda wa kungoja. Kompyuta ya mteja hupakua masahihisho, hujizima na kujiwasha, na dakika arobaini hupita. Kanuni ya haki ni hii: ikiwa fundi yuko huru kumhudumia mtu mwingine, asidai, ikiwa ni lazima aitazame mashine hiyo muda wote, adai. Kamwe asiwatoze wateja wawili dakika ile ile. Na mtandao wa mteja ukikatika, saa isimame, kwa kuwa hakuna apendaye kulipia giza.

Mteja naye asidhani kwamba huduma ya mbali yapaswa kuwa ya bei duni kwa vile fundi hakuinuka kitini. Anachonunua ni ujuzi, na ujuzi ni ule ule, uwe umepanda basi au haukupanda. Nauli, chakula na malazi ya fundi vimebaki mfukoni mwa mteja. Hiyo ndiyo nafuu yake.

BEI YA KAZI NZIMA NA MALIPO YA KILA MWEZI

Si kila kazi inafaa kutozwa kwa saa. Mteja huogopa saa isiyo na mwisho, na fundi hodari huadhibiwa kwa wepesi wake: mwanafunzi atatumia saa tatu, yeye atumie moja, kisha alipwe theluthi. Kwa kazi anazozijua vyema ni afadhali aweke bei ya kazi nzima. Ikiwa daftari laonyesha kwamba kusafisha virusi na kuweka programu ya kinga humchukua saa moja na nusu kwa wastani, bei iwe shilingi 36,000, nayo itajwe kabla ya kuanza. Saa zibaki kwa matatizo ambayo hakuna ajuaye kina chake.

Kwa shule au zahanati yenye kompyuta nyingi, yafaa zaidi malipo ya kila mwezi. Askari wataielewa njia hii kuliko watu wengine. Mlinzi wa usiku hulipwa hata kama mwizi hakuja, kwa sababu alichouza si mwizi bali ni kuwapo kwake. Shule inaweza kununua saa nne kwa mwezi, ambazo ni shilingi 96,000, na kwa kuwa inalipa mapema ikapunguziwa asilimia 10, ikatoa 86,400. Mkataba useme wazi kwamba saa zisizotumika hazihamii mwezi mwingine, na zikizidi nne zitalipiwa kwa bei ya kawaida. Wateja watano wa namna hiyo humpa fundi usingizi wa amani kuliko wateja hamsini wa kubahatisha.

Kuhusu usiku na sikukuu, hapana haja ya kubuni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yasema kwamba kazi ya ziada katika siku ya kawaida ilipwe mara moja na nusu, na katika sikukuu ya taifa mara mbili. Ingawa sheria hiyo ni ya waajiriwa, kipimo chake chaeleweka na kila mtu. Saa za kawaida zikiwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa moja ya usiku itakuwa shilingi 36,000 na ya sikukuu 48,000. Wateja wengi wakisikia hivyo hugundua kwamba tatizo laweza kungoja asubuhi. Hilo nalo ni faida, kwani watoto wa fundi wanahitaji kumwona mzazi wao.

GHARAMA YA UAMINIFU

Wako wanaotoza bei ndogo mno kwa sababu ya jambo wasilopenda kulitaja: hawalipii programu wanayoitumia. Programu kama TeamViewer na AnyDesk hutolewa bure kwa matumizi ya binafsi tu. Anayezitumia kwa biashara hutakiwa kununua leseni, na programu ikishuku biashara huweza kuyakata mazungumzo katikati ya kazi, mteja akitazama. Asiye na uwezo wa leseni anazo njia za halali. RustDesk ni programu huria ambayo yeyote aweza kuitumia, na Windows 10 na 11 zina chombo cha msaada kiitwacho Quick Assist. Chombo hicho hufaa kwa kazi ndogo, ila mwenye kompyuta lazima awepo kumruhusu fundi kila mara.

Uaminifu una sura nyingine iliyo kubwa zaidi. Mwenye kufungua kompyuta ya mtu amefungua kabati lake. Humo mna picha, mishahara, barua za kazi na majina ya wagonjwa. Wahalifu wanalijua jambo hili. Mwaka 2024 kampuni ya Microsoft iliwaonya watu juu ya matapeli waliojifanya mafundi na kuitumia hiyo Quick Assist kuingia katika kompyuta za watu. Nchini Uganda Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 hukataza kuingia katika mashine ya mtu bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 humtaka anayeshughulika na habari za watu azilinde.

Fundi mwenye adabu huomba ruhusa kila mara, humtaka mteja akae mbele ya skrini, hafungui faili lisilohusika, wala hahifadhi neno la siri la mtu. Uangalifu huo huchukua dakika, na dakika hizo zimo ndani ya bei. Na jamaa za askari wawe macho zaidi: asiruhusiwe fundi yeyote kuifikia kutoka mbali mashine yenye habari za kikosi. Mambo ya kikosi yana wataalamu wake kikosini.

JIRANI, NDUGU NA AFANDE

Kambini watu hujuana. Habari zikienea kwamba mama fulani anatengeneza kompyuta, mlango hautafungwa. Jirani ataleta simu ya mtoto wake, shemeji atapiga kutoka kijijini, na nyumba ya mkubwa wa kikosi itamwita mama Jumapili jioni. Kukataa ni utovu wa adabu, na kukubali daima ni kufilisika.

Ujirani mwema hauna bei, lakini waweza kuwekewa zamu. Fundi na atenge, kwa mfano, saa mbili za Jumamosi asubuhi kwa msaada wa bure, na jambo hilo lijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Mume akiulizwa anaweza kujibu kwa heshima, “Afande, Jumamosi asubuhi amewatengea majirani, siku nyingine yuko kazini.” Mkubwa mwenye busara hataudhika, kwa maana yeye mwenyewe huishi kwa ratiba. Na msaada huo uandikwe daftarini pamoja na thamani yake. Saa mbili kila juma kwa bei ya 24,000 ni shilingi 48,000. Mtoaji ajue anachotoa. Zawadi isiyojulikana kiasi chake hugeuka manung’uniko.

DAFTARI NDIYO NGAO

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa fundi wa mbali methali hii ni sheria ya kila siku. Aandike jina la mteja, tatizo, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, alichokifanya, na kiasi kinachodaiwa. Mteja hakumwona akifanya kazi. Kwa hiyo maandishi hayo ndiyo macho yake. Ankara isemayo “kazi ya kompyuta, shilingi 48,000” huleta ugomvi. Ile isemayo “saa mbili: kurudisha faili zilizopotea, kuweka kinga ya virusi, kufundisha karani” hulipwa.

Kodi nayo isisahauliwe. Fundi ajiandikishe katika Mamlaka ya Mapato, URA, apate namba ya mlipa kodi, na akaulize huko kodi inayomhusu. Ajue pia kwamba ofisi za serikali na makampuni yaliyoteuliwa hukata asilimia 6 ya malipo yanayozidi shilingi milioni 1 na kuipeleka kwa Mamlaka hiyo. Makato hayo hayajapotea. Fundi adai hati yake, kwa sababu kiasi hicho huhesabiwa kuwa kodi aliyokwisha kulipa.

Mwisho wa kila mwaka daftari lisomwe upya, mke na mume wakiwa pamoja. Saa zilizouzwa zilikuwa ngapi? Gharama zilipanda kiasi gani? Ni mteja yupi anayelipa baada ya kukumbushwa mara tano? Bei ikihitaji kupanda, ipande kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja, bila kuomba radhi na bila majivuno. Mteja mzuri atabaki. Atakayeondoka kwa ajili ya shilingi elfu tatu alikuwa njiani kuondoka.

Kazi ya fundi huyu haina moshi wala kelele, na majirani wengine watadhani anacheza tu na kompyuta. Lakini saa zake ni shamba lake. Mkulima asiyejua eka zake hawezi kujua kama amevuna au amepata hasara. Kila jamaa ya askari itakayoingia katika kazi hii, basi, na ikae chini jioni moja na kalamu na karatasi, ihesabu siku zake, mahitaji yake na saa zinazouzika, kisha itaje bei yake kwa mteja wa kwanza bila kutetemeka.